Picha 1,300 za wazazi na dakika kumi za ukumbini: nichague zipi, na nizipange vipi?

Kitindamimba wa Stesheni ameuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo nilidhani ni la jioni mbili na sasa limenila wiki tatu.

Wazazi wetu walifunga ndoa Tabora mwaka 1975, na Desemba hii tunawafanyia jubilei ya miaka 50 hapa Morogoro. Kamati imenikabidhi mimi, wa mwisho katika watoto sita, kazi ya kutayarisha onyesho la picha litakalorushwa ukutani kwa projekta baada ya chakula na kabla ya nasaha. Nimepewa dakika kumi, na mshereheshaji amekwisha kunionya kwamba ya kumi na moja hatanivumilia.

Picha nilizokusanya zinakaribia 1,300. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, kwanza chini ya shirika la reli la Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1977 chini ya Shirika la Reli Tanzania, kwa hiyo tulihamahama tukifuata Reli ya Kati: Tabora, Itigi, Dodoma, Kilosa, na mwisho Morogoro alikostaafia. Picha za zamani zimo katika albamu zile za kurasa za gundi zenye nailoni juu, isipokuwa za Kilosa, ambazo ziliingia maji katika mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 na sasa zimeshikana kama chapati zilizopangwa zikiwa za moto. Zilizobaki zimo katika simu za watu tisa. Ugumu wa kwanza ni kwamba miaka kumi ya mwanzo ya ndoa ina picha 11 tu, zote nyeusi na nyeupe, ilhali ubatizo mmoja wa mjukuu mwaka 2019 una picha 94, nyingi zikiwa ni za keki.

Nilijaribu kuzipanga kwa tarehe. Nilibakiza picha 240, kila moja nikaipa sekunde mbili na nusu, nikapata dakika kumi kamili na nikafurahi mno. Nikawaonyesha dada yangu na mumewe sebuleni. Dakika ya nne shemeji alitoa simu yake mfukoni, na dada aliendelea kutazama, lakini niliona kwamba anatazama kwa ajili ya undugu. Zilipoisha nilimuuliza ni ipi iliyomkaa moyoni, akanitajia moja, ambayo ni picha yake mwenyewe.

Yako pia mambo mawili ambayo siwezi kuyauliza kwenye kundi la familia. Kaka yetu wa tatu alifariki mwaka 1998, nami sijui nimweke wapi katika usiku wa furaha. Na dada yetu mkubwa ni mtoto ambaye baba alimpata kabla ya ndoa hii. Mama alimlea tangu akiwa na miaka sita na hakuna anayembagua, lakini katika picha zote hizi yumo katika tatu tu. Nikizipanga kwa uwiano wa zilizopo, atapita ukutani kama mgeni aliyekosea nyumba.

Naomba mwenye uzoefu aniambie anaanzia wapi.

Mzee wa Chumba cha Giza amejibu:

Binti yangu, nilikuwa mpigapicha wa studio mjini Tanga kwa miaka thelathini na kitu, kwa hiyo utanisamehe nikianza na zile picha 11. Wewe unaziona kama upungufu, nami naona kwamba ndizo mali yako.

Kamera nyingi za wakati ule zilitumia filamu ya namba 120, ambayo kwenye kamera ya picha za mraba ilitoa picha 12, na zile za milimita 35 zilitoa 36. Kila ulipobonyeza ulikuwa umetumia fedha, na baada ya kubonyeza kulikuwa bado na gharama ya kusafisha filamu na gharama ya karatasi. Mtu aliitwa mbele ya kamera kwa sababu siku hiyo palikuwa na jambo, akavaa kwa ajili ya jambo hilo, akasimama vile alivyotaka akumbukwe. Katika studio yangu walikuwako waliokopa saa ya mkononi kwa jirani kabla ya kuja kupigwa picha, na walikuwako walioomba radio yangu waishike magotini. Picha moja ya namna hiyo imebeba uamuzi mwingi kuliko picha 94 za ubatizo. Kwa hiyo zitumie zote 11, uzikalishe ukutani kwa muda mrefu, na katika ule ubatizo uchukue moja, au mbili ikiwa ya pili inamwonyesha bibi amempakata mtoto. Keki haina ukoo na mtu.

Kabla ya kuchagua chochote, geuza kila picha uangalie mgongo wake. Utakuta muhuri wa studio, namba ya filamu, au mwandiko wa penseli wa mtu aliyekwisha kufa, na hayo yatakupa mahali na mwaka kwa uhakika zaidi kuliko kumbukumbu za kaka zako. Zile zilizoshikwa na gundi ya albamu usizibandue kwa kucha. Pitisha polepole uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, na ikikataa, iache ilipo uiskani pamoja na ukurasa wake. Za Kilosa usizitenganishe zikiwa kavu, maana utang'oa uso wa mtu ubaki mgongoni mwa mwenzake. Iloweke moja ambayo huna uchungu nayo sana katika maji safi ya baridi, uone kama zinaachana zenyewe, ndipo uamue kuhusu nyingine.

Picha za rangi za miaka ya sabini na themanini utazikuta zimegeuka nyekundu nyekundu. Hiyo ni kwa sababu katika karatasi nyingi za wakati huo rangi ya samawati ndiyo iliyofifia kwanza, nyekundu ikabaki peke yake. Programu za kompyuta zinaweza kuirudisha, lakini rudisha kidogo tu. Nimeona watu wakimsafisha bibi yao hadi akatoka na ngozi kama ya sanamu ya dukani, na ukumbi mzima ukabaki kuulizana ni nani yule.

Sasa jinsi ya kuchagua. Chapisha picha 150 hivi kwa udogo wa kiganja, kwa karatasi ya kawaida tu, uzitandaze juu ya mkeka, kisha umwite mama yako akae. Usimuulize ni zipi anazipenda, kwa sababu atakutajia zile ambazo wageni wametoka vizuri. Mwache azishike, nawe unyamaze. Picha ambayo ataitupia jicho na kuirudisha, iweke kando. Picha ambayo ataishika huku akisema habari za mtu ambaye hata hayumo ndani yake, hiyo ndiyo yenyewe, hata kama imepigwa vibaya. Siku ya pili umwite baba, peke yake. Usiwaite pamoja, maana mmoja atasema na mwingine ataitikia.

Na kuhusu mpangilio, familia yenu imehamahama kwa kufuata reli, kutoka magharibi kwenda mashariki, bila kurudi nyuma. Sioni unatafuta mpango gani mwingine. Tarehe hazisikiki ukumbini, lakini ukiwaambia watu kwamba tupo Itigi, kila aliyewahi kukaa Itigi atanyoosha shingo.

Fundi wa Ukumbini amejibu:

Mzee amesema ya moyo, nami niongeze ya ukuta, kwa kuwa kazi yangu ni kufunga projekta na spika katika kumbi za harusi, na nimekwisha kuona maonyesho ya watu yakifa kwa sababu ndogo sana.

Picha 240 kwa dakika kumi ni nyingi kupita kiasi. Sekunde mbili na nusu zinamtosha mtu aliyekuwepo siku ile picha ilipopigwa. Mgeni anahitaji kwanza kujua atazame wapi, kisha amtambue mtu, kisha amgeukie jirani yake aseme, "Huyo si fulani?" Hilo la tatu ndilo linalofanya onyesho lipendeze, na wengi hawaliachii nafasi. Picha ya mtu mmoja ipe sekunde tano au sita, na ya kundi la watu kumi ipe tisa, kwa sababu macho yatapita uso kwa uso. Ukipiga hesabu hiyo utaangukia kati ya picha 75 na 85. Wazee wa zamani walilazimishwa na mashine: sinia la mviringo la projekta ya Kodak, ambayo kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2004, kwa kawaida lilichukua slaidi 80, na aliyetaka zaidi ilimbidi asimame abadilishe sinia mbele ya wageni wake. Ningependa kompyuta nazo ziwe na aibu kama hiyo.

Jambo la pili ni tarehe. Umesema ulizipanga kwa tarehe, nami nashuku kwamba hata tarehe zenyewe hazikuwa za kweli. Picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na hupoteza kumbukumbu ya siku iliyopigwa, na lile jina linaloanza na IMG na kuishia na WA na tarakimu hubeba siku ilipotumwa. Picha ya 1983 ambayo shangazi aliirusha kundini mwaka 2021 itajipanga mwaka 2021, katikati ya barakoa. Waombe wenye simu wakutumie kama waraka ili zije na ukubwa wake. Za karatasi ziskani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa zaidi ya nukta 2,300 kwa 3,500, na ukuta wa projekta ya kawaida hauonyeshi zaidi ya 1,920 kwa 1,080. Zile ndogo za pasipoti ziskani kwa 1,200.

La tatu ni umbo. Skrini za siku hizi zimelala, na picha za simu nyingi zimesimama. Usimkate mtu miguu ili ajaze skrini. Iache katikati, pembeni pawe peusi. Ukiwa nazo mbili zilizosimama ambazo zinasemezana, ziweke ubavu kwa ubavu. Wengine hujaza pembeni kwa picha ile ile ikiwa na ukungu, jambo ambalo kwangu ni kama kumvalisha mtu kanzu juu ya kanzu.

Mwisho, usitumie zile mbwembwe za picha kugeuka kama ukurasa au kuingia zikiruka. Picha moja ififie, nyingine ije. Usiku ule kutakuwa na watoto wa kutosha wa kurukaruka.

Kijana wa Kinyerezi amejibu:

Kwa heshima zote, mbona mnajisumbua hivyo? Simu yangu hutengeneza maonyesho yenyewe, na muziki huweka yenyewe. Weka picha zote katika folda moja, iachie programu ichague zilizo bora, na usiku huohuo umemaliza.

Mama Rukia wa Kibokoni amejibu:

Mwanangu wa Kinyerezi, programu huchagua picha iliyo kali na watu waliocheka. Haijui nani hasemi na nani, wala nani aliachwa. Mimi niliiachia ichague katika shughuli ya mamamkwe wangu alipotimiza miaka 80 hapa Mombasa, na nitawasimulia ilivyokuwa ili mwenzangu asipite njia hiyo.

Katika picha zilizotoka ilikuwamo moja ya mwaka 1984, ya mabinti watano wamesimama ufukweni, wanacheka, nywele zinapeperushwa na upepo. Ni picha nzuri sana, sikatai. Mmoja wa mabinti hao ni binamu ya mume wangu, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini sasa hatoki nje ila amejisitiri kikamilifu. Ukumbi ulikuwa na wanaume na wanawake pamoja. Picha ilipotokea ukutani, kubwa kama mlango wa bandari, alishusha uso, akachukua mkoba wake, akaondoka kabla ya kahawa na halwa. Hakugombana na mtu. Idi mbili zilipita hakukanyaga nyumbani kwangu, na nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia maneno machache tu, kwamba ile picha aliwapa wenziwe wanne wala hakuupa ukumbi.

Kwa hiyo, dada, ukishamaliza kuchagua, pitia tena kwa jicho la kila mtu aliye hai aliyemo. Nani alikuwa na mume mwingine wakati huo? Nani alikuwa na ulevi ambao ameshauacha? Nani amepigwa picha siku ambayo yeye anaikumbuka kwa jambo lingine? Wapigie simu wale unaowatilia shaka. Wengi watakubali, na hata atakayekataa atakushukuru kwa kumuuliza.

Kuhusu marehemu kaka yako, mweke mahali pa umri wake, katikati ya ndugu zake, akiwa anafanya lolote alilokuwa akifanya. Usimtengee ukurasa wenye mshumaa na maandishi ya kumwombea apumzike, kwa kuwa utaufanya ukumbi usimame kana kwamba upo msibani, na wazazi wako watalazimika kufanya kazi ya kuwafariji wageni. Wala usimweke mwisho. Lakini mwambie mama yako mapema kwamba atamwona, na umwonyeshe picha yenyewe nyumbani, ili machozi ya kwanza ayamwage sebuleni kwake. Ukumbini atakuwa tayari, na huenda akatabasamu.

Kuhusu dada yenu mkubwa, naona unatafuta picha mahali pasipo pake. Mtoto aliyelelewa na mama mwingine picha zake mara nyingi ziko kwa shangazi, au kwa watu wa upande wa mama aliyemzaa, kwa sababu ndio waliokuwa wakitumiwa moja kila mwaka waone kwamba mtoto anakua. Waulize hao. Ukishazipata, hakikisha ya kwanza inatokea mapema, naye akiwa na mama yako ikiwezekana, na jina lake liandikwe kama ya wengine yalivyoandikwa, bila maelezo ya ziada.

Na uchore jedwali. Usicheke. Andika majina ya watoto wote sita na wajukuu, na kila picha uliyochagua utie kijistari kwa kila aliyemo. Unadhani watu wazima hawahesabu? Mume wangu ana miaka 58, na tulipofika nyumbani usiku ule aliniambia kwamba alitokea mara nne, na mdogo wake mara tisa.

Kitindamimba wa Stesheni ameandika tena:

Shikamoo mzee, shikamoo mama Rukia, na ahsante fundi. Nimekaa kimya wiki mbili kwa sababu nilikuwa nafanya mliyonielekeza.

Jedwali limenitia aibu. Mimi niliyechagua nilikuwa na vijistari 31, na kaka yangu wa pili alikuwa na vinne. Sikuwa na nia hiyo. Picha nyingi zimetoka simuni mwangu. Sasa tumekaribiana, na mimi nimebakiwa na nane.

Shangazi aliyeko Urambo alikuwa na picha tano za dada mkubwa ndani ya bahasha ya khaki, kila moja imeandikwa darasa nyuma, kuanzia la kwanza hadi la saba, isipokuwa la nne na la sita. Katika ile ya darasa la kwanza amesimama mbele ya nyumba za reli Tabora na mama ameshika mkono wake, nayo ndiyo picha ya tatu katika onyesho, mara tu baada ya harusi. Nilimtumia dada kabla ya kuiweka. Hakujibu kwa maandishi. Alinipigia akaniuliza tu kama gauni lile lilikuwa la njano, kwa kuwa yeye analikumbuka la njano.

Mkeka niliutandika Jumamosi. Mama alizipita picha nzuri nzuri kama mtu anayechambua mchele, na kwa muda nikadhani mzee amenipoteza. Kisha akaokota moja ambayo mimi niliichapisha kwa makosa, maana nilikuwa nimekwisha kuitia katika folda ya zilizoharibika. Ni ya Itigi, mwaka 1987. Inaonyesha pipa la maji mlangoni, nusu ya mbuzi, na sehemu kubwa ni udongo. Hamna uso wa mtu yeyote. Mama aliishika kwa vidole viwili, akasema kwamba hii aliipiga yeye, na kwetu mama akisema "yeye" bila jina tunajua ni nani. Baba alikuwa ameazima kamera kwa mfanyakazi mwenzake, na kaka yangu, akiwa na miaka minane, alisumbua hadi akaruhusiwa kubonyeza mara moja. Ukiangalia chini kabisa ya picha, juu ya udongo, kipo kivuli cha mtoto aliyeinua viwiko vyote viwili.

Nimeiweka Itigi, baada ya picha ambayo ndugu wote wamo naye akiwamo. Sijaiandika maneno yoyote.

Vituo vimekaa sawa. Nimebakiwa na jambo moja la mpangilio ambalo mimi na kaka hatukubaliani. Tunayo picha ya baba ya mwaka 1976 akiwa ameegemea kichwa cha treni pale Tabora, mkono mmoja kiunoni, na tunayo ya mwaka 2024 akiwa ameketi dirishani ndani ya treni mpya ya umeme tulipompeleka Dodoma, miezi michache baada ya safari hizo kuanza. Kaka anataka ziwekwe ubavu kwa ubavu. Mimi moyo unakataa, lakini sina hoja.

Mzee wa Chumba cha Giza amejibu:

Marahaba, binti yangu. Hoja ninayo mimi. Ukiziweka pamoja utakuwa umewafanyia watu kazi ambayo wangefurahi kuifanya wenyewe. Ya 1976 iweke mwanzoni, uiache ikae hadi watu wauone ule mkono kiunoni. Kisha waende Itigi, Dodoma, Kilosa, wamsahau. Ya dirishani ije karibu na mwisho, peke yake. Atatokea mmoja meza ya nyuma atakayesema kwa sauti, nawe utakuwa umeshinda. Njia ya ubavu kwa ubavu mpe kaka yako mahali pengine, kwa mfano mama akiwa na mjukuu na mama akiwa na wewe mgongoni, lakini isizidi mara mbili katika dakika kumi.

Ile ya kivuli usiikate. Nilivyozoea kazi yangu, kama mteja angeniletea filamu hiyo ningeiruka bila kumchapishia, na ningedhani nimemwokolea fedha.

Fundi wa Ukumbini amejibu:

Nami nina neno kuhusu hiyo ya kivuli, kwa sababu naijua itakavyokuwa. Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi wake ni ukuta usiopigwa mwanga, na ukumbi hauzimwi taa zote kwa kuwa wahudumu wanaondoa sahani. Kivuli juu ya udongo katika picha ya zamani kitapotea chote. Katika sehemu ya chini peke yake, ongeza tofauti kati ya mwanga na giza kidogo kidogo, kisha usiitazame kwenye kompyuta. Itazame ukutani, ukiwa umekaa kiti cha mwisho kabisa, taa za pembeni zikiwaka. Kama viwiko vinaonekana kutoka hapo, umemaliza. Ipe sekunde kumi.

Kwa kuwa haina maandishi, zungumza na mshereheshaji. Wengi wao wakiona ukimya wa sekunde tatu huushika mkrofoni, na picha isiyo na uso wa mtu ataitania. Mwombe akae kimya katika dakika zote kumi, au akamtafutie babu maji.

Muziki uwe wa ala tupu, au wimbo mmoja ambao wazazi wenyewe wanaujua, ukipigwa chini kiasi kwamba watu wanasikia majirani zao. Onyesho zima ligeuze liwe faili moja la video, kwa sababu faili la slaidi likifunguliwa kwenye kompyuta ya ukumbi huweza kubadilisha mwandiko na kusahau muziki. Njoo saa tisa alasiri, kabla ya mapambo kuziba njia ya mwanga. Nimewahi kuona maua ya plastiki yakikaa usoni mwa bwana harusi onyesho zima.

Kitindamimba wa Stesheni ameandika tena:

Nimekuja ukumbini jana kwa ruhusa ya msimamizi, nikajaribu. Viwiko vinaonekana kutoka kiti cha mwisho, ingawa mbuzi sasa amekuwa mweupe kuliko alivyostahili.

Hesabu imesimama kwenye picha 78. Nafasi mbili nimeziachia Kilosa, maana kaka wa pili ndiye anayeziloweka, na hadi jana usiku amepata nne nzima na vipande vya nyingine sita. Katika moja ya hizo nne mama yupo mlangoni, maji yamekula rangi kuanzia magotini kwenda chini, nayo nadhani nitaitumia vivyo hivyo bila kuitengeneza. Mama Rukia, mama mwenyewe ameiona na amekubali.

Fundi wa Ukumbini amejibu:

Basi leta flashi mbili zenye faili lile lile, na ya pili iwe mfukoni mwa mtu ambaye hatakuja na gari moja nawe.